Kadi ya Maisha, Ujuzi wa Msimu Mmoja

Leseni ya udereva Tanzania huisha muda baada ya miaka 5. Rubani ambaye hajaruka na kutua walau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita habebi abiria mpaka atimize idadi hiyo. Lakini mtu aliyejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa mwaka 1988, kwa siku chache za likizo, kisha asiguse mtungi tena, bado anahesabiwa leo kuwa mzamiaji mwenye cheti halali. Akishuka Zanzibar wiki ijayo na kadi yake mkononi, hakuna kanuni ya mashirika makubwa ya kuzamia inayosema kadi hiyo imekufa. Tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya kuanza. Ya kuisha haipo.

Vituo vizuri vya kuzamia vitamuuliza mara ya mwisho aliingia majini lini, na vitamtaka ajikumbushe kwanza. Navisifu kwa hilo. Lakini huo ni uungwana wa kituo, si sharti la cheti, na kituo cha jirani chenye boti tupu na msimu mbaya kinaweza kumpokea bila swali. Katika miaka 70 karibu kila kitu katika mafunzo ya kuzamia kimebadilika: vifaa, mwendo wa kupanda juu, umri wa wanafunzi, urefu wa kozi. Uhai wa kadi peke yake haukuguswa, na naamini hapo ndipo kosa lilipo.

Kifaa chenyewe kilizaliwa Ufaransa mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, alimwendea Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, ambaye alikuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi kwa sababu petroli ilikuwa adimu. Wakaigeuza vali ile ikawa kipumulio kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta, kwa presha ileile ya maji yanayomzunguka. Kabla ya muongo ule kuisha, vifaa hivyo vilikuwa vikiuzwa California kwenye duka la michezo. Mnunuzi alilipa, akabeba mtungi, akaenda zake ufukweni. Mafunzo yote yaliweza kuishia kwenye onyo moja la muuzaji: usizuie pumzi.

Onyo lenyewe lilikuwa la kweli, na mpaka leo ndilo somo la kwanza la kila kozi. Juu ya maji mwili unabeba uzito wa anga moja. Kila meta 10 unazoshuka zinaongeza uzito mwingine kama huo. Kwa hiyo aliye meta 10 chini, akijaza mapafu kutoka kwenye mtungi, anabeba hewa ambayo huku juu ingehitaji mapafu makubwa mara mbili. Akishtuka, akaziba pumzi na kukimbilia juu, hewa hiyo inatanuka mara mbili ndani ya kifua kisicho na nafasi. Mapafu yanachanika, mapovu yanaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Wala hakihitajiki kilindi, kwa sababu mabadiliko makubwa zaidi ya ujazo yako karibu na uso wa maji. Mtu anaweza kuumia hivyo kwenye bwawa la hoteli.

Mafunzo yenye utaratibu yalianzia chuoni. Pale Scripps, taasisi ya sayansi ya bahari La Jolla, mwanabiolojia kijana Conrad Limbaugh na wenzake waliandaa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kozi ya watafiti waliotaka kuzamia. Mwaka 1954 idara ya bustani na burudani ya wilaya ya Los Angeles, iliyokuwa na walinzi wa fukwe na wasiwasi wa kutosha, ikawapeleka watu wake kwa Limbaugh wajifunze. Mwaka uliofuata ikaanza kuwapa vyeti wakufunzi wake yenyewe. Uingereza nako klabu ya BSAC ilikuwa imeanzishwa London mwaka 1953. Shirikisho la dunia, CMAS, lilizaliwa Monaco mwaka 1959 na Cousteau akawa rais wa kwanza. NAUI ikafuata mwaka 1960, kisha mwaka 1966, katika jimbo la Illinois, muuzaji wa vifaa John Cronin na mwalimu wa kuogelea Ralph Erickson wakaanzisha PADI, ambayo leo ndiyo kubwa kuliko zote.

Kozi za mwanzo zilikuwa kali, zikichukua wiki nyingi. Wakufunzi wengi walitoka jeshini au kwenye ulinzi wa fukwe, na walifundisha kwa namna waliyofundishwa. Mwanafunzi alivuliwa barakoa kwa nguvu, akafungiwa vali ya mtungi, akavutwa mapezi, aonekane kama atapagawa. Alitupa vifaa vyote chini ya bwawa, akapanda, akazama tena kuvivaa kulekule chini. Wapo wazee wa mchezo huu wanaozisimulia siku hizo kwa hamu na kuwaona wazamiaji wa leo kuwa legelege. Siungani nao. Ukali ule ulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo kwa sehemu kubwa imeondoka.

Fikiria mzamiaji wa mwaka 1955 alivaa nini. Hakuwa na geji ya kumwonyesha hewa iliyobaki. Pumzi ilipoanza kuwa nzito alivuta kijiti kilichofungua akiba ndogo, na kama kijiti kilikuwa kimeguswa bila yeye kujua, akiba haikuwepo. Hakuwa na jaketi la kuelea. Alijipimia mkanda wenye uzito wa risasi kwa uangalifu, na kilichobaki alikisawazisha kwa mapafu yake. Alikuwa na kipumulio kimoja, kwa hiyo mwenzake akiishiwa hewa walipokezana kilekile, pumzi mbili huyu, pumzi mbili yule, huku wakipanda. Ukilifanya hilo bila kulizoea, mmoja atakataa kurudisha na mtakufa wawili. Ndiyo maana walilirudia mpaka likawa tabia. Geji ilipoenea, jaketi lilipofika sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kipumulio cha pili cha kumpa mwenzako kilipokuwa cha kawaida, zoezi la kupokezana pumzi likawa la hiari, kisha likatoweka kwenye kozi nyingi. Lilistahili kutoweka. Hata huo ukali wa kuwachuja watu haukuwa kipimo cha ushupavu kama inavyodaiwa: Dottie Frazier, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata cheti cha ukufunzi cha wilaya ya Los Angeles mwaka 1955, ilimbidi apigane kwanza na watu waliodhani mwanamke hafai, kabla hata ya bahari.

Na takwimu haziwatetei wazee hao. Katikati ya miaka ya 1970 Wamarekani zaidi ya 100 walikuwa wakifa kwa mwaka katika kuzamia kwa burudani. Miongo iliyofuata wazamiaji waliongezeka sana, na vifo havikuongezeka pamoja nao.

Mabadiliko ambayo nayathamini kuliko yote yalitoka mahali pengine, na yalilipiwa kwa damu. Machi 1960 Conrad Limbaugh, mwalimu wa walimu, aliingia kwenye pango la chini ya maji karibu na Cassis, kusini mwa Ufaransa, akapotea njia ya kutokea na kufia humo. Ni wachache duniani waliojua bahari kama yeye. Lakini pango lina paa, na aliye chini ya paa hana juu pa kukimbilia. Siku hizo hapakuwa na kozi ya mapango, wala kanuni zake hazijaandikwa.

Aliyekuja kuziandika ni Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa Florida, ambako chemchemi za chokaa zilikuwa zikiua vijana kila mwaka. Exley alichukua ripoti za waliokufa, akazisoma moja moja akitafuta kinachojirudia. Akakikuta. Walikosa kamba moja isiyokatika kutoka walipo mpaka nje. Hawakubakiza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kurudi. Walishuka kina kirefu kuliko hewa yao ilivyoruhusu. Kitabu chake cha mwaka 1979 kikawa msingi wa mafunzo ya mapango, na kadi ya pango ikawa kitu kingine kabisa, isiyopatikana kwa sababu tu una kadi ya bahari. Baadaye likaongezwa la nne lililotokana na vifo vilevile, yaani mafunzo yenyewe: wengi wa waliokufa hawakuwa na kozi ya pango, ijapokuwa wengine walikuwa wakufunzi wa bahari ya wazi.

Hiyo ndiyo njia ninayoiamini ya kutunga masharti. Usimuulize mzee anakumbuka nini, wala muuzaji anauza nini. Soma vifo.

Mwaka 2008 Petar Denoble na wenzake wa mtandao wa usalama wa wazamiaji, DAN, walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Pale ilipowezekana kujua balaa lilianzia wapi, asilimia 41 lilianza kwa kuishiwa hewa. Si papa, si mawimbi, wala si kifaa kuharibika. Kifaa kilikuwa asilimia 15 tu. Mtu alikuwa na geji kifuani asiitazame, au aliitazama akiwa amechelewa. Na katika majeraha yaliyoua, zaidi ya robo yalikuwa ya moyo. Ukiyaweka haya mawili pamoja unamwona mtu wa makamo aliyepata kadi ujanani, ambaye mkono wake umesahau kuitafuta geji na ambaye moyo wake haujapimwa tangu siku ile alipojaza fomu ya afya. Kozi ngumu ya mwaka 1955 isingemsaidia. Mwili wake umezeeka na ujuzi wake umechakaa, na kadi haijui lolote kati ya hayo.

Tena kuna jambo la tatu ambalo huzungumzwa kidogo: elimu yenyewe huzeeka. Miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani lilitaka mwendo mmoja wa kupanda juu. Wazamiaji wa kijeshi wanaoogelea kwa mapezi walitaka futi 100 kwa dakika. Wazamiaji wa helmeti za shaba, wanaovutwa kwa kamba, hawakuweza zaidi ya futi 25. Wakapatana katikati, futi 60, ambazo ni meta 18 kwa dakika. Yalikuwa maafikiano ya watu wa kazi mbili, na mwili wa binadamu haukuulizwa. Majedwali yale yakaingia kwenye kozi za raia na kufundishwa kwa zaidi ya miaka 30. Kisha vipimo vya mapovu ndani ya damu, pamoja na vile alivyofanya Andrew Pilmanis katika kisiwa cha Catalina miaka ya 1970, vilionyesha kuwa kusimama dakika chache karibu na uso wa maji kunapunguza mapovu kwa kiasi kikubwa. Leo wengi hufundishwa meta 9 kwa dakika, nusu ya mwendo wa zamani, na kusimama dakika 3 kwenye meta 5. Yule wa mwaka 1988 niliyemtaja, kama anakumbuka alichofundishwa, anakumbuka kupanda mara mbili ya mwendo unaofaa. Akisahau ni hatari, na akikumbuka vizuri ni hatari pia.

Mwaka 1978 PADI ilipanga upya kozi yake ya msingi: vipande vya kujitegemea, darasa, bwawa, kisha mbizi 4 baharini. Mpango huo ukaenea kila mahali. Mwanafunzi aogelee meta 200 bila kupangiwa muda, au 300 akiwa na barakoa, mapezi na kipumulio cha juu, aelee dakika 10, apite mazoezi yake, basi amehitimu kwenda meta 18 na mwenzake aliye kama yeye, bila mkufunzi. Umri ukashushwa hadi miaka 10 kuelekea mwaka 2000, kwa masharti ya kina na msindikizaji. Mwaka 2007 viwango vya kimataifa vya ISO vikatamka rasmi ngazi hizo: meta 12 kwa anayesimamiwa, meta 20 kwa anayejitegemea. Nadharia siku hizi husomwa kwenye simu, nyumbani, kabla ya safari.

Siichukii kozi fupi. Imewapeleka chini ya maji watu ambao zamani wasingethubutu, na wengi waliorudi juu wamekuwa watetezi wa matumbawe. Siku nne zinatosha kuanza. Kosa ni kuzipa siku nne heshima ya maisha. Aliyefunzwa wiki kumi, tena ndani ya klabu inayozamia kila mwisho wa wiki, aliweza kubeba kadi isiyoisha kwa sababu klabu ndiyo iliyokuwa ikimkagua. Kozi ilipofupishwa na klabu ikageuka duka la hotelini, umri wa kadi nao ungefupishwa. Mashirika yalipunguza upande mmoja wa mizani, yakauacha wa pili.

Wafaransa waliona mbali kidogo. Kwao anayemaliza ngazi ya kwanza anashuka mpaka meta 20, lakini akiwa na kiongozi. Kujitegemea ni ngazi ya pili. Leseni ya shirikisho lao hukatwa kila mwaka, na huenda pamoja na cheti cha daktari. Na lipo shirika dogo la Florida, GUE, lililozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 miongoni mwa wazamiaji wa mapango, ambalo vyeti vyake huisha muda na huhuishwa kwa kuonyesha kuwa mtu bado anazamia. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Wale wanaosimama karibu zaidi na kifo ndio wameshalifanya.

Linatuhusu sisi kwa sababu mzigo wa kadi isiyoisha unaangukia pwani yetu. Kiongozi wa mbizi wa Nungwi, Matemwe, Utende ya Mafia, Watamu au Diani hulipa ada kila mwaka ili aendelee kuruhusiwa kuongoza, tena kwa fedha za kigeni, na asipolipa jina lake linaondolewa kwenye orodha ya wenye idhini. Mgeni anayeongozwa naye hadaiwi chochote. Asubuhi kiongozi huyo anapokea watu watatu wenye kadi zinazosema maneno yaleyale: mmoja amezamia mwezi uliopita Bahari ya Shamu, mwingine hajaona mtungi tangu harusi yake, wa tatu anatumia dawa ya presha na hajasema. Anagundua nani ni nani wakiwa tayari ukingoni mwa mwamba wa Mnemba, siku ya bamvua, maji yanapwa kwa kasi na mkondo umegeuka. Yeye ndiye atakayempa mmoja hewa yake, atamshika mwingine asipae, na kumtafuta wa tatu kwa macho. Kama mtu atapotea, ataulizwa yeye.

Sisi wenyewe tulionja jinsi umma usivyojua kadi hizi zinasema nini. Septemba 2019 gari lilipoteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni na kuzama na mama na mtoto wake, lilikaa chini mpaka Oktoba 11, na watu wengi waliuliza kwa hasira kwa nini wazamiaji hawashuki tu. Lilikuwa kwenye kina cha meta 58 hivi, kwenye njia ya meli yenye mkondo na giza. Kikomo cha kuzamia kwa burudani ni meta 40, na kadi ya msingi ni meta 18. Hasira ile ilieleweka kabisa, lakini ilidhani kwamba mzamiaji ni mzamiaji tu.

 

Najua pingamizi. Mashirika haya yanaishi kwa kuuza vyeti, na kadi inayoisha inaweza kuwa bidhaa nyingine ya kuuzwa. PADI hujivunia kutoa vyeti zaidi ya milioni 30. Vyeti, si watu: mtu mmoja anaweza kuwa na sita, na wengine waliohesabiwa wamekwisha kufariki. Hesabu isiyopungua hupendeza kwenye matangazo. Kozi ya kujikumbusha ipo tayari, ila ni hiari, na kwa mtalii mwenye siku tano ni nusu siku iliyoliwa. Kwa hiyo uhuishaji usiwe kadi mpya ya kununuliwa. Aliyezamia ndani ya miezi 12 aonyeshe kumbukumbu za mbizi zake, apite bila senti. Asiye nazo aingie maji ya kina kifupi na mkufunzi wa shirika lolote: avue barakoa na kuivaa, ampe mwenzake hewa, aelee bila kugusa mchanga, ataje hewa iliyobaki bila kutazama kisha atazame, apande meta 9 kwa dakika. Fomu ya afya iliyorekebishwa mwaka 2020 inaanza na maswali 10 ya ndiyo au hapana; ajaze hiyo pia, na panapotakiwa daktari, aonwe na daktari. Sasa kwa kuwa kadi zimehamia kwenye simu, kuandika tarehe mpya ni kazi ya dakika moja.

Hatuna haja ya kuyasubiri makao makuu ya PADI huko California. Kamisheni ya Utalii Zanzibar, mamlaka ya hifadhi za bahari ya Tanzania Bara na shirika la wanyamapori la Kenya, linalosimamia hifadhi za bahari huko, zinaweza kuweka sharti hili kwa vituo vinavyofanya kazi katika maji yetu. Fomu nyingi ambazo mgeni hujaza kabla ya kupanda boti tayari zina nafasi ya kuandika tarehe ya mbizi ya mwisho. Kinachokosekana ni kanuni inayosema kwamba tarehe hiyo ikizidi miezi 12, mgeni anaanzia maji ya kina kifupi, na kwamba kiongozi anayekataa kumpeleka kilindini hafukuzwi kazi wala hakatwi posho ya siku hiyo.